Mtu asiyekwenda likizo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nimjibu, kwa heshima, msomaji mwenzangu aliyewashauri vijana watafute kwanza kusudi la maisha yao, kwa maelezo kwamba mtu akishalipata, uaminifu kazini na nyumbani utakuja wenyewe. Najua ushauri huo umetolewa kwa nia njema, na wapo wengi wanaouamini. Mimi nimekuwa mkaguzi wa ndani wa hesabu kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na kwa yale niliyoyaona katika vitabu vya hesabu vya watu wengine na katika maisha yangu mwenyewe, nashawishika kusema kwamba mpangilio huo umegeuzwa. Uaminifu ndio unaotangulia, na mahali usipokuwapo, hata kusudi ambalo mtu alikuwa nalo tangu ujana humtoka kidogo kidogo bila yeye kutambua.

Kuna jambo ambalo kila mkaguzi hufundishwa mapema. Katika ofisi inayoshika fedha, mtu wa kumtazama kwa makini zaidi si yule mvivu anayechelewa kufika na kuwahi kuondoka, bali mara nyingi ni yule asiyekwenda likizo. Hufika kabla ya wenzake na kuondoka baada yao, hakubali mwingine amshikie daftari hata kwa siku 2, na akiugua huja kazini na homa yake. Wakubwa humsifu kwa uchapakazi na kumtolea mfano mbele ya wengine. Kwa kulijua hilo, benki nyingi duniani huwalazimisha watumishi walio katika nafasi nyeti kukaa nyumbani siku kadhaa mfululizo kila mwaka, bila kugusa kazi yoyote, ili mtu mwingine aketi katika kiti chao. Pengo linalozibwa kila asubuhi na mikono ya mtu mmoja huonekana siku mikono hiyo isipokuwapo.

Sisemi kwamba kila asiyependa likizo ni mwizi; nimefanya kazi na watu walioipenda kazi yao kiasi cha kusahau kalenda, na nawaheshimu mpaka leo. Ninachosema ni kwamba, kwa mtazamaji aliye nje, hofu na kusudi hufanana mno. Vyote viwili humwamsha mtu alfajiri na kumfanya akumbuke kila tarakimu. Anayeijua tofauti ni yule anayeamka tu.

Miaka mingi iliyopita nilitumwa kukagua hesabu za ofisi moja ambayo sitaitaja. Keshia wake alikuwa mtu mzima, mpole, anayeheshimiwa na wote, na kwa miaka 6 hakuwa amechukua likizo hata moja kamili. Tulimwomba apumzike wiki moja wakati sisi tukilinganisha stakabadhi na fedha zilizofika benki, na siku ya tatu tu ikawa wazi kwamba fedha zilizopokelewa leo zilikuwa zikitumika kuziba pengo la juzi, na za kesho kuziba pengo la leo, mnyororo ambao alikuwa ameuburuta kwa zaidi ya miaka 3. Tulipomwita hakukana. Aliketi, akaweka mikono yake juu ya meza, na swali lake la kwanza halikuwa kama atafukuzwa wala kama atafungwa. Aliuliza, "Mke wangu ameshaambiwa?"

Ndipo mengine yakatoka. Alikuwa ameitia akiba ya familia katika biashara ya rafiki yake, biashara ikafa, naye akashindwa kumwambia mkewe, aliyekuwa akiamini kwamba fedha zile zipo zikiwangoja watoto wafike wakati wa masomo. Mara ya kwanza alichukua ili ada ilipwe na mama watoto asijue lolote. Mara ya pili alichukua ili kuficha ile ya kwanza. "Nilikopa," alisema, na neno hilo alilirudia mara nyingi. Alikuwa na kijitabu kidogo alimoandika kila kiasi alichochukua na tarehe yake, kwa kuwa alikusudia kukirudisha chote. Nilimwamini alipolisema hilo, na bado ninaamini kwamba hakudanganya. Uongo wake haukuanzia kazini. Ulianzia nyumbani, jioni ile aliporudi akiwa amepoteza akiba, akaulizwa habari za siku, akajibu kwamba ni njema.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba jambo nililoliona kwa mtu mmoja lilikuwa limechunguzwa zamani. Donald Cressey, mtaalamu wa sosholojia wa Marekani, aliwahoji gerezani zaidi ya watu 100 waliokabidhiwa fedha za wengine, wakazipokea kwa nia njema na kisha wakavunja uaminifu huo, na mwaka 1953 akachapisha alichokipata. Aliona mambo 3 yakijirudia kwao. Mtu huwa na tatizo la fedha analoliona haliwezi kuambiwa mtu yeyote. Hutambua kwamba nafasi yake kazini inamwezesha kulitatua kwa siri. Na hujitungia maneno yanayomruhusu kuendelea kujiona mwaminifu, kama vile "nakopa tu". Wanafunzi wa ukaguzi hufundishwa zaidi lile la pili, kwa kuwa ndilo linalozuilika kwa kufuli, sahihi mbili na kulinganisha kila mwezi hesabu za ofisi na za benki. Mimi kadiri nilivyokaa katika kazi hii ndivyo nilivyozidi kulitazama lile la kwanza. Hali ngumu ya fedha huwapata wengi wasioiba. Anayeanguka ni yule ambaye, pamoja na ugumu huo, hana hata mtu mmoja anayeweza kumwambia. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na walisema tena kwamba mficha ugonjwa kifo humuumbua. Wakaguzi tungeweza kuziandika methali hizo mbili kwenye jalada la kila ripoti.

Hata maanguko makubwa yanayojulikana duniani yana mbegu ndogo ya namna hiyo. Nick Leeson, mfanyabiashara wa masoko ya fedha aliyeiangusha benki ya Barings ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1762, alifungua akaunti ya siri yenye namba 88888 mwaka 1992, na kosa la mwanzo alilolificha humo lilikuwa la mfanyakazi aliye chini yake, la pauni 20,000. Lilikuwa kosa la kuungama asubuhi moja na kukemewa. Kufikia Februari 1995 hasara iliyofichwa ilizidi pauni milioni 800, na benki iliyodumu zaidi ya miaka 200 ikauzwa kwa pauni 1.

Lakini sitaki wasomaji wadhani kwamba miaka ya ukaguzi imenifanya niwaone binadamu wote kuwa wezi watarajiwa, kwa maana imenifundisha kinyume chake. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa ambamo pochi zaidi ya 17,000 zilikabidhiwa kwa watu wa mapokezi katika miji 355 ya nchi 40, kana kwamba zimeokotwa mtaani, baadhi zikiwa na fedha na nyingine zikiwa hazina. Wengi walitarajia kwamba zenye fedha zingepotelea mikononi mwa waliozipokea. Ikawa kinyume: karibu katika nchi zote, zenye fedha ndizo zilizorudishwa kwa wingi zaidi, na kiasi kilipoongezwa katika baadhi ya nchi, waliorudisha wakaongezeka pia. Watafiti walieleza kwamba watu humjali mwenye mali aliyepotelewa, na zaidi ya hapo hawapendi kujiona wezi, nako kujiona mwizi huuma zaidi kadiri fedha inavyokuwa nyingi. Hiyo ndiyo sababu keshia yule alihitaji neno "kukopa". Hakuwa mtu asiyejali uaminifu. Aliujali mno, hata akashindwa kuishi bila kujiita mwaminifu.

Sasa nirudi kwenye kusudi, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Vijana huambiwa walitafute kana kwamba limefichwa katika kazi fulani yenye jina kubwa, na asiyeipata kazi hiyo amekosa vyote. Mwaka 1997 mtafiti Amy Wrzesniewski na wenzake walionyesha kwamba watu huitazama kazi yao kwa namna 3: wapo wanaoiona kuwa njia ya kupata mshahara, wapo wanaoiona kuwa ngazi ya kupandia, na wapo wanaoiona kuwa wito. Jambo lililonigusa ni kwamba walipowachukua watumishi 24 wa ofisi wenye kazi ya namna moja, waligawanyika takriban sawa katika mitazamo yote 3. Kwa hiyo wito haukuwa katika cheo wala katika aina ya kazi, maana meza zilikuwa zilezile na mafaili yaleyale.

Basi uko wapi? Lugha yetu inadokeza kitu hapa, nami naomba niruhusiwe kukisema hata kama kinaonekana kidogo. Neno kusudi ndilo hilohilo tunalolitumia tunaposema kwamba mtu amefanya jambo makusudi, yaani amelifanya akijua anachofanya na yuko tayari kuulizwa. Mwenye kusudi, kwa maana hiyo, ni mtu anayeweza kulitazama analolifanya bila kugeuza uso. Na neno uaminifu ni ndugu wa imani na amana: kuna kitu cha mwingine kilichowekwa mikononi mwako, naye amekwenda zake akiwa na utulivu. Kwangu mimi kusudi la kazi halijawahi kuwa hisia ya kupendeza inayonijia nikiwa peke yangu. Ni kumjua huyo aliyekwenda zake akiwa na utulivu.

Nililijua hilo kwa njia chungu, na sitakuwa nimetenda haki nikisimulia makosa ya wengine tu.

Katika mwaka wangu wa tatu kazini nilipewa kusimamia uhesabuji wa mali katika ghala la mwajiri wangu. Ghala lilikuwa na vyumba 6. Nilihesabu 4, giza likaanza kuingia, nami nikavijaza vile 2 vilivyobaki kwa kunakili tarakimu zilizokuwa kwenye kadi za rafu, kisha nikatia sahihi kwamba nimevihesabu vyote. Nilijiambia kwamba kadi zile hazijawahi kukosea. Baada ya miezi 2 upungufu mkubwa uligunduliwa katika kimojawapo cha vyumba vile viwili. Mtunza stoo, mzee aliyekuwa amekabidhiwa funguo za chumba hicho wiki moja tu kabla ya siku ile ya kuhesabu, alisema kwamba hakuwahi kuiona mali hiyo. Hakusadikiwa, kwa sababu karatasi yenye sahihi yangu ilionyesha kwamba siku ile mali ilikuwapo. Akasimamishwa kazi.

Nilinyamaza siku 19. Mchana niliandika ripoti na kuuliza watu maswali makali kuhusu stakabadhi zao, na jioni nilirudi nyumbani nikiwa sina neno. Mume wangu alinivumilia, kisha akaanza kujilaumu, kwa kuwa mtu anayeishi na siri ya mwenzake asiyoijua huitafuta sababu ndani yake mwenyewe. Usiku mmoja aliniuliza, "Nimekukosea nini, mama?" Hapo ndipo nilipoelewa kwamba uongo nilioutia sahihi ghalani ulikuwa umekwisha kuingia nyumbani kwangu na kumtia hatiani mtu wa pili asiye na kosa. Nikamwambia yote. Hakunigombeza na hakunifariji. Alikaa kimya kwa muda, akaniuliza, "Kesho utakwenda kumwona mkubwa wako saa ngapi?"

Nilikwenda saa mbili asubuhi. Nilipewa barua ya onyo, na kwa miaka iliyofuata wenzangu walipandishwa cheo nami nikabaki pale nilipokuwa, na sikuwa na la kulalamikia. Lakini nataka msomaji mwenzangu aliyeandika juu ya kusudi alijue hili: nilianza kuipenda kazi ya ukaguzi baada ya asubuhi ile, si kabla yake. Kabla ya hapo niliitazama kama ngazi. Baada ya hapo, kila nilipotia sahihi, nilimwona mtu amesimama upande wa pili wa karatasi, na mara nyingi nilirudi ghalani na taa kuhesabu tena chumba ambacho hakuna aliyeniagiza nikihesabu.

Katika mahusiano ya karibu jambo hili ni gumu zaidi, na naona hatulizungumzi vya kutosha. Mwanasaikolojia Bella DePaulo na wenzake waliwaomba watu waandike kila siku uongo wote waliousema. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996, wanafunzi wa chuo waliandika wastani wa mara 2 kwa siku, na watu wengine wa kawaida mara 1. Uongo huo mdogo wa kila siku watu huwaambia zaidi wale wasio karibu nao. Lakini walipochunguza baadaye uongo mzito, ule unaovunja maisha, waliona kwamba aghalabu ulikuwa kati ya watu wa karibu kabisa. Sishangai. Mgeni akinidharau nitaumia mpaka jioni. Mume wangu akinidharau sina pa kwenda. Kwa hiyo tunawaficha mambo makubwa wale tunaowapenda kwa sababu tunawapenda, na tunadhani tunawalinda, hali tumewanyima nafasi ya kuamua juu ya maisha ambayo ni yao pia. Mke wa keshia yule angeweza kubana matumizi, kuuza kitu, kuomba msaada kwa ndugu, au kukasirika mwezi mzima kisha akakaa chini na mumewe wakapanga. Hayo yote yaliondolewa mikononi mwake, na alikuja kuupata ukweli kwa wageni, mlangoni.

Kuna lawama nyingine ambayo haimwangukii mwongo peke yake. Wapo mabosi na wapo wanandoa ambao wameifanya kweli iwe ghali mno kuambiwa. Bosi anayempigia kelele aliyeleta habari mbaya, na kumwacha aliyeificha kwa kuwa hajamjua, anawafundisha watumishi wake wote kwa siku moja. Mwenzi wa ndoa anayelitunza ungamo la mwaka huu ili alitumie kama silaha miaka 10 ijayo, naye anafundisha. Sizungumzii kufuta adhabu, kwa maana barua yangu ya onyo niliistahili. Nazungumzia tofauti ya kweli na ya wazi kati ya anayekuja mwenyewe na anayekamatwa. Mfumo wa hospitali wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, ulianza mwaka 2001 kuwaeleza wagonjwa waziwazi pale matibabu yalipokosewa, kuomba radhi na kuwafidia waliostahili, ilhali wanasheria wa hospitali nyingi walizoea kushauri ukimya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba madai na kesi mpya zilipungua, na zilizokuwapo zilimalizika mapema zaidi. Na katika kazi yangu, ripoti za ACFE, chama cha kimataifa cha wachunguzi wa udanganyifu, zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba takriban asilimia 40 ya udanganyifu unaogunduliwa kazini hugunduliwa kwa sababu mtu fulani alisema. Hakuna mbinu yetu ya ukaguzi inayokaribia hapo. Tunategemea watu waseme, na watu husema mahali ambapo wamewahi kumwona aliyesema akisikilizwa.

Ndiyo maana kwa vijana wanaoanza kazi sasa, na wanaohangaishwa na swali la kusudi, ningependa waanze na jambo lililo karibu zaidi: wachague mtu mmoja, na wamwambie leo lile wanaloliona haliwezi kuambiwa mtu. Kwa wakubwa wa kazi, nawaomba wamkumbuke mtu wa mwisho aliyewaletea kosa lake mwenyewe, na wajiulize walimfanyia nini mbele ya wenzake.

Mtunza stoo yule alirudishwa kazini siku 3 baada ya mimi kukiri. Nilimfuata ghalani kumwomba radhi, nikamkuta ameketi na kadi zake, akipanga upya hesabu za chumba kile. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, naye akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza jambo moja tu, bila kupandisha sauti: "Mwanangu, siku zote nilizokaa nyumbani, ulikuwa unajua?"

Nikamjibu, "Naam, mzee, nilikuwa najua."

Akaitikia kwa kichwa, akanipa nusu ya zile kadi, na tukahesabu pamoja mpaka jioni.

Wako,
Mkaguzi wa hesabu mstaafu